Ufunguo wa Akiba Akae Nao Nani?

Katika toleo lililopita tuliwaomba wasomaji wa Nyanda za Juu Kusini watuandikie kuhusu usalama wa barua pepe. Mengi ya maswali yaliyofika yanahusu kusimba barua, yaani kuivuruga kwa ufunguo ili asiye na ufunguo huo aambulie herufi zisizosomeka. Tumeyafupisha, na majina tumeyaacha kwa usalama wa walioandika.

Ndugu wahariri, sisi ni kikundi cha wakulima wa parachichi. Mwezi wa sita mnunuzi wetu wa nje alipokea ankara yenye jina letu, nembo yetu, hata namna yetu ya kusalimia, ila namba ya akaunti ya benki si yetu. Akalipa, fedha zikaenda. Wapo wanaosema tungekuwa tunasimba barua yasingetukuta. Ni kweli? – Katibu wa kikundi, Tukuyu

Poleni sana, katibu. Ni kweli nusu.

Wizi wa namna hii mara nyingi huanza wiki kadhaa kabla ya ankara. Mwizi anapata nywila ya barua pepe ya mmoja wenu, au ya mnunuzi, anaingia na kukaa kimya. Anasoma. Anajifunza mnavyosalimiana na lini kontena linaondoka. Kisha anaweka kanuni ndani ya akaunti: kila barua yenye neno “ankara” au “malipo” ipelekwe kwake nakala, na majibu ya mnunuzi yafichwe msiyaone. Kwa hiyo kabla ya yote, leo jioni fungueni mipangilio ya akaunti yenu, mtazame sehemu ya vichujio na ya kupeleka barua kwingine. Kanuni yoyote msiyoijua ipigeni picha, halafu ifuteni. Toeni vifaa vyote vilivyoingia kwenye akaunti, badilisheni nywila, washeni uthibitisho wa hatua mbili. Namba ya uthibitisho itoke kwenye programu ya simu, isije kwa ujumbe mfupi, kwa sababu laini ya simu inaweza kusajiliwa upya na mtu mwingine, ujumbe ukamfikia yeye.

Tazameni pia anwani iliyotuma ile ankara, herufi kwa herufi. Herufi “r” na “n” zikikaa pamoja zinafanana na “m”, na tarakimu 1 inafanana na “l”. Barua yenyewe msiifute. Polisi na benki wanaihitaji ikiwa na taarifa zake zote za njia iliyopita, na picha ya skrini haizibebi. Benki ya mnunuzi iombwe kurudisha muamala mara moja. Kila siku inayopita inapunguza matumaini.

Sasa kusimba. Kungemnyima mwizi kusoma ankara za zamani na kuziiga. Lakini kwa shida yenu dawa kubwa zaidi ni ndugu yake kusimba, yaani sahihi ya kidijitali. Programu inachukua maneno ya barua na kuyapigia hesabu kwa ufunguo wa siri ulio kwenye kompyuta ya mweka hazina. Tarakimu moja ya akaunti ikibadilishwa, sahihi inavunjika na mnunuzi anaonyeshwa onyo. Mwizi anaweza kuwa na nywila yenu, ila ufunguo hana. Sharti ni kwamba mnunuzi naye atumie programu inayokagua sahihi, na akubali kwamba barua isiyo na sahihi hailipiwi. Wekeni pia utaratibu huu hata kabla ya teknolojia yoyote: akaunti ya benki haibadilishwi mpaka mmepigiana simu kwa namba mliyokuwa nayo zamani. Ile iliyoandikwa ndani ya barua yenyewe msiipige.

Gmail inanionyesha alama ya kufuli. Si tayari imesimbwa? – Mwenye steshenari, Mwanjelwa

Imesimbwa njiani tu. Fikiria kifurushi unachompa wakala wa basi kipelekwe Dar. Buti limefungwa barabarani, mtu wa Mafinga hawezi kuchomoa kitu, lakini kwenye ofisi ya vifurushi buti linafunguliwa na mwenye ofisi anakishika mkononi. Kufuli unalolionyeshwa ni la buti. Kampuni yenye seva, yaani kompyuta inayotunza barua, inaweza kuisoma, na aliyeiba nywila yako pia. Usimbaji wa mwisho hadi mwisho unafunga kifurushi chenyewe, kikafunguliwa na mpokeaji peke yake.

Nifundisheni hatua kwa hatua. Nina laptopu yenye Windows na bando la kawaida. – Karani wa ofisi ya wakili, Iringa mjini

Tumia Thunderbird, programu ya barua pepe. Ni ya bure, na tangu toleo la 78 la mwaka 2020 ina uwezo wa OpenPGP ndani yake, yaani utaratibu wa kusimba barua na kuzitia sahihi. Ipakue kwenye tovuti yake yenyewe, thunderbird.net, usikubali ya kuwekewa kutoka kwenye flashi ya rafiki. Weka akaunti yako ya barua pepe. Kisha fungua mipangilio ya akaunti, sehemu iliyoandikwa “End-To-End Encryption”, bonyeza “Add Key”, uchague kutengeneza ufunguo mpya. Itapendekeza aina ya RSA, ukubwa wa biti 3072, na muda wa miaka 3. Acha hivyo hivyo. Muda ukikaribia kwisha utauongeza bila kubadili ufunguo.

Zinatengenezwa funguo mbili kwa pamoja. Ufunguo wa wazi unampa kila mtu. Ndio anaoutumia kukufungia barua. Ufunguo wa siri haumpi mtu yeyote, ndio unaofungua. Wazo hili lilichapishwa na Whitfield Diffie na Martin Hellman mwaka 1976, na RSA ikafuata mwaka 1977.

Hapa ndipo wengi wanapokosea. Thunderbird inaulinda ufunguo wa siri kwa nywila inayojitungia yenyewe, na nywila hiyo inakaa ndani ya kompyuta hiyohiyo. Usipoweka nywila kuu, anayefungua laptopu yako, awe fundi au mwizi, anasoma barua zote kana kwamba hazijasimbwa. Nenda kwenye mipangilio ya faragha na usalama, washa “Primary Password”.

Nywila hiyo isiwe methali. “Haraka haraka haina baraka” imo kwenye orodha za wadukuzi sawa na jina la mtoto wako. Chukua daftari, andika maneno 216 ya kila siku: jembe, sufuria, mvua, kiatu. Kila neno lipe namba ya tarakimu tatu, kuanzia 111 hadi 666, ukitumia tarakimu 1 hadi 6 tu. Rusha dado tatu, soma namba, chukua neno lake. Rudia mpaka yawe maneno nane, na usibadilishe neno kwa kuwa hulipendi. Njia zinazowezekana ni zaidi ya bilioni nne mara bilioni moja, na bado mtu anaweza kuyakariri kwa siku mbili.

Sasa mwenzako akutumie ufunguo wake wa wazi kama kiambatisho, nawe umtumie wako. Usianze kuandika siri bado. Mtu aliyekaa katikati anaweza kukutumia ufunguo wake yeye akijifanya ni mwenzako. Kila ufunguo una alama ya kidole: herufi na tarakimu 40, makundi kumi ya nne nne. Pigianeni simu mzisome zote. Kuangalia nane za mwisho hakutoshi, kwa sababu alama fupi za herufi nane zimewahi kughushiwa. Herufi zinazotumika ni A hadi F tu, na hapo Kiswahili na Kiingereza vinagongana: mmoja akitaja E kwa Kiingereza, mwingine anaandika I, akitaja A, mwingine anaandika E. Kwa hiyo tajeni hivi: A ya asali, B ya bata, C ya chai, D ya debe, E ya embe, F ya fagio. Kundi la 7C3E linasomwa “saba, C ya chai, tatu, E ya embe”. Inachukua dakika mbili au tatu. Mkimaliza, weka kwenye programu kwamba umeuhakiki ufunguo huo.

Vinavyobaki wazi hata baada ya yote hayo: nani amemwandikia nani, saa ngapi, na ukubwa wa barua. Kichwa cha habari Thunderbird inaweza kukificha, njiani zikaonekana nukta tatu tu, lakini programu nyingine nyingi zinakiacha wazi. Basi usiandike “Kesi ya ardhi ya mzee fulani” kwenye kichwa. Usianzie rasimu kwenye tovuti ya barua pepe kisha ukainakili huku. Tovuti huhifadhi rasimu yenyewe unavyoandika, ikiwa wazi.

Nimefundisha uraia miaka mingi. Naona mnawafundisha watu kujificha. Mwaka 1998 tulilia kwa bomu la Dar es Salaam. Magaidi wakisimba barua, Serikali itatulindaje? Kwa nini isiwe na ufunguo wa akiba, iutumie tu pale panapolazimu? – Mwalimu mstaafu, Mafinga

Mwalimu, shikamoo. Swali lako lina uzito, na halijibiwi kwa kusema faragha ni haki, basi. Tarehe 7 Agosti 1998 watu 11 walikufa Dar es Salaam, na Nairobi zaidi ya 200. Dola isiyotaka kujua nani anapanga jambo kama lile haifai kuitwa dola.

Hoja ya ufunguo wa akiba imewahi kujaribiwa. Mwaka 1993 Serikali ya Marekani ilileta kifaa kiitwacho Clipper cha kusimba simu, ufunguo wa akiba ukigawanywa vipande viwili na kushikwa na ofisi mbili tofauti. Ukiusikia utaratibu huo unafanana na sanduku letu la VICOBA: kufuli tatu, funguo kwa wanachama watatu, halifunguki mmoja asipokuwepo. Ni utaratibu mzuri. Lakini sanduku la VICOBA ni moja, na linafunguliwa mchana mbele ya wanachama wote wakihesabu. Ufunguo wa akiba wa mawasiliano unafungua masanduku yote ya nchi, usiku, na mwenye sanduku hajui kwamba limefunguliwa. Mwaka 1994 mtafiti Matt Blaze alionyesha kwamba mtu anaweza kuudanganya Clipper, akasimba vizuri huku kipande cha Serikali kikiwa hakifanyi kazi. Aliyekuwa na nia mbaya angetoroka, mkweli angebaki na mlango wa nyuma. Kufikia 1996 mpango ulikuwa umekufa.

Mlango ukiwepo, anayeingia si lazima awe yule uliyemjengea. Ugiriki, mwaka 2004 na 2005, watu wasiojulikana walitumia mfumo wa kunasa simu uliokuwa ndani ya mitambo ya kampuni ya simu, mfumo uliotengenezwa kwa ajili ya vyombo vya dola, wakasikiliza simu zaidi ya 100, ikiwemo ya Waziri Mkuu. Mwaka 2024 Marekani iligundua kwamba wadukuzi inaowahusisha na China wameingia kwenye mitandao ya kampuni zake za simu, na wakafikia hata mifumo ya kunasa mawasiliano kwa amri za mahakama. Mwezi wa Desemba mwaka huo, maofisa wa Serikali hiyohiyo wakawashauri raia watumie mawasiliano yaliyosimbwa. Mwalimu, tazama mzunguko huo. Phil Zimmermann alipotoa programu ya PGP mwaka 1991, alichunguzwa kuanzia 1993 hadi 1996, kwa kuwa usimbaji wenye nguvu ulihesabiwa pamoja na silaha zisizoruhusiwa kutoka nje ya Marekani. Uchunguzi ulifungwa bila mashtaka. Miaka chini ya thelathini baadaye, usimbaji umekuwa ushauri wa ulinzi wa taifa.

Na Serikali haiachwi mikono mitupu. Tumesema hapo juu kwamba nani amemwandikia nani na saa ngapi havifichiki; kwa mpelelezi hiyo ni ramani nzima ya kundi. Kompyuta ya mtuhumiwa ikikamatwa ikiwa imewashwa, barua zimo. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inampa mkuu wa kituo cha polisi uwezo wa kuamuru upekuzi na ukamataji wa kompyuta, na Sheria ya Kuzuia Ugaidi ya mwaka 2002 inawapa polisi njia ya kuomba amri ya mahakama ili kunasa mawasiliano. Ibara ya 16 ya Katiba, ambayo bila shaka umeifundisha, inalinda mawasiliano binafsi na papo hapo inaruhusu sheria iweke utaratibu wa namna haki hiyo inavyoweza kuingiliwa. Kwa maoni yetu hata ile amri ya upekuzi wa kompyuta ingefaa ipite kwa hakimu kwanza. Lakini upelelezi wa namna hii unamlenga mtu mmoja, una jina la aliyeuidhinisha, na unaweza kuhojiwa mahakamani. Tunauunga mkono. Ufunguo unaofungua barua ya gaidi pamoja na ya muuguzi wa Ilula na ya yule katibu wa parachichi, huo tunaupinga, na tungeupinga hata angeushika mtu mwaminifu kuliko wote, maana siku moja atastaafu na ufunguo utabaki ofisini.

Zahanati yetu inatuma majibu ya vipimo hospitali ya wilaya kwa barua pepe. Wenzetu kule hawana Thunderbird na hawataki kujifunza. – Muuguzi, Kilolo

Tumieni 7-Zip, ni ya bure. Bonyeza faili kwa kitufe cha kulia, chagua kuliweka kwenye kifurushi cha aina ya 7z, andika nywila, na weka alama kwenye kisanduku cha kusimba majina ya mafaili. Kisanduku hicho kisisahaulike: bila hicho, faili lenye jina la mgonjwa na neno “VVU” litasomeka jina lake hata kama ndani hapafunguki. Mkitumia aina ya zip, hakikisheni njia ya kusimba ni AES-256, kwa sababu ile ya zamani iitwayo ZipCrypto inavunjika. Nywila itajwe kwa simu, isitumwe kwa barua ileile wala kwa barua ya pili dakika mbili baadaye.

Afya ya mtu ni taarifa nyeti kwa mujibu wa Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Kwa hiyo dada, wakikuuliza kule hospitali kwa nini unawasumbua, una sheria mkononi.

Laptopu ilizima, fundi akapiga Windows upya. Nimerudisha Thunderbird, barua zote zilizosimbwa hazifunguki. Nifanyeje? – Msomaji, Uyole

Zima kompyuta hiyo sasa hivi, usiendelee kuitumia, kwani kila unachoandika kinaweza kufunika kilichobaki. Muulize fundi kama alitunza nakala ya diski ya zamani. Kinachotafutwa ni folda ya wasifu ya Thunderbird, na ndani yake mafaili manne: secring.gpg, pubring.gpg, key4.db na encrypted-openpgp-passphrase.txt. Yote manne yakipatikana, yakirudishwa pamoja na unaikumbuka nywila kuu, barua zitafunguka. Likipatikana secring.gpg peke yake halitoshi, kwa kuwa nywila inayolifungua imo kwenye yale mengine.

Yasipopatikana na huna nakala uliyoitoa mwenyewe, barua hizo zimepotea. Hakuna fundi wa Mbeya wala wa Marekani atakayezifungua, na anayekuomba fedha kwa kazi hiyo anakuibia. Tengeneza ufunguo mpya, wapigie simu wenzako waache ule wa zamani, kisha siku hiyohiyo toa nakala ya ufunguo wa siri kwenye faili lenye nywila yake. Iweke kwenye flashi mbili, moja nyumbani kwako na nyingine kwa mtu unayemwamini anayeishi nyumba nyingine. Chapisha pia cheti cha kubatilisha ufunguo kwenye karatasi, kama programu yako inakitoa. GnuPG, programu nyingine ya OpenPGP, inakitengeneza yenyewe. Hicho ndicho unachotangazia watu kwamba ufunguo umekufa wakati wewe mwenyewe huna tena uwezo wa kuufungua.

VPN inasimba barua pepe? – Msomaji, Tunduma

Hapana. Inaficha njia kati yako na seva ya VPN, barua yenyewe inabaki ilivyo. Kumbuka pia kwamba Oktoba 2023 Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) ilitangaza kuwa watu binafsi na kampuni zinazotumia VPN wazisajili.

Sina kompyuta, nina simu ya Android tu. – Mwanafunzi wa chuo, Njombe

Inawezekana. Thunderbird ya Android ilitoka Oktoba 2024. Iunganishe na programu iitwayo OpenKeychain, ambayo ndiyo inayotunza funguo. Tengeneza ufunguo humo humo kwenye simu, uhakiki alama ya kidole kama tulivyomweleza karani wa Iringa. OpenKeychain ikitoa nakala ya akiba inakupa msimbo mrefu wa tarakimu. Uandike kwenye karatasi kwa kalamu, usiupige picha, maana picha za simu nyingi zinapanda zenyewe kwenye hifadhi ya mtandaoni. Faili la nakala lihamishie kwenye flashi kwa waya wa OTG, ule wa kuunganisha flashi na simu, kisha ulifute kwenye simu. Usijitumie kwa WhatsApp. Na simu iwe na namba ya siri ya kufungulia yenye tarakimu sita au zaidi, siyo ule mchoro wa kidole: mchoro huacha michirizi kwenye kioo, na ukikiinamisha juani inaonekana.